Kisigino cha Fundi Viatu

Fundi viatu alikuwa na siri moja, na siri yenyewe ilikaa ndani ya viatu vyake. Soksi zake nyeusi zilikuwa zimetoboka visiginoni. Na kwa kuwa mtu anayeng'arisha viatu vya mtaa mzima hawezi kuonekana na kisigino kinachochungulia kama panya, kila Jumapili alijipaka rangi nyeusi ya viatu palepale penye tundu. Nyeusi juu ya nyeusi, nani angejua?

Jumapili hiyo mchungaji alisimama na beseni mkononi.

"Leo tunatawadhana miguu. Na hakuna kuchagua. Nitakayemweka kitini, akae. Nitakayempa taulo, apige magoti."

Fundi viatu alilirukia taulo. Kuosha, angeosha hata miguu ya tembo.

"Mchungaji, mimi ni mtumishi tu. Niachie niwaoshe wote."

"Wewe keti."

"Sistahili, mchungaji!"

"Hata Petro alianza hivyohivyo. Keti."

"Baba Mapacha, kaa bwana, unatuchelewesha!" mkewe akamkemea kutoka kwenye kwaya.

Akakaa. Kumbe balaa lilikuwa bado njiani. Aliyekuja na beseni alikuwa kinyozi, kaka wa mkewe. Hawakuwa wamesalimiana tangu harusi ya mwaka jana, walipogombania kiti cha mbele. Tena kinyozi huyo hakuwa na kifua: habari ikiingia kibandani kwake asubuhi, hadi adhuhuri imeshatoka na vichwa ishirini. Maji yakibadilika rangi tu, fundi viatu amekwisha.

"Vua," kinyozi alisema.

"Nimeoga asubuhi."

"Vua, shemeji. Hata mimi sikuiomba kazi hii."

Akavua. Kinyozi aliitazama soksi, akakitazama kisigino, akasugua mara moja. Maji yakawa wino.

Fundi viatu alifumba macho akingoja kicheko. Hakikuja. Alipofumbua, shemeji yake alikuwa amejiinamia juu ya beseni kama kuku aliyeatamia mayai, mtu asione ndani.

"Rangi gani hii?" alinong'ona.

"Ile kali. Isiyotoka hata kwa mvua."

"Naiona."

Akasugua. Kwaya ikaumaliza wimbo, ikaurudia, ikaurudia tena. Kinyozi akalifunika beseni kwa taulo, akalikumbatia kifuani, akaenda kubadilisha maji. Aliporudi, shati lake jeupe lilikuwa na madoa kama ngozi ya chui.

"Kinyozi!" sauti ikatoka nyuma. "Unaosha miguu au umejiosha mwenyewe?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Kinyozi, ambaye siku zote jibu humtangulia mdomoni, alitabasamu tu, akapiga magoti tena.

Hapo fundi viatu akashindwa. Angenyamaza, siri ingebaki salama na shemeji angeendelea kuchekwa. Alikitazama kile kichwa kilichoinama. Akauinua mguu juu, kisigino nusu cheusi, waumini wote wakauona.

"Mwacheni huyu! Wa kuchekwa ni mimi. Soksi zangu zimetoboka, najipaka rangi!"

Kicheko cha kwanza kilikuwa mazoezi tu. Mchungaji alishika mimbari asianguke. Mke wa fundi viatu alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

"Mjinga wewe," kinyozi alinong'ona, machozi ya kucheka yakimtiririka. "Nilishakuficha."

"Najua," fundi viatu alisema, akivua soksi ya pili. "Sugua tu, shemeji. Bado wa kushoto."