Mke (Analia)

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe tisa Mei, mchana, dobi akiwa na shati jeupe la Mkurugenzi wa redio mezani na pasi ya mkaa imeshakolea moto. Binti yake aliingia bila shikamoo, akatupa mkoba wa shule kitandani, akaweka karatasi ya mtihani juu ya lile shati.

"Toa hiyo. Ina vumbi la chaki."

"Iangalie kwanza, baba."

Dobi alikuwa msomaji wa kukokota, herufi moja moja kama mtu anayevuka matope. Lakini sifuri haihitaji shule. Ilikuwa nyekundu, mviringo, kubwa kama yai.

Binti akamsomea. "Mke katika tamthilia hii ni mhusika asiye na sauti. Jadili nafasi ya mwanamke kama alivyochorwa na mwandishi."

"Ukajibuje?"

"Nikasema si kweli. Nikasema yule Mke aliongea. Mwalimu kaandika hapa pembeni: Umetoa wapi? Onyesha ukurasa."

Ukurasa haukuwepo. Tamthilia hiyo ilikuwa kitabu kipya kilichogawiwa shule zote, lakini kabla ya kuwa kitabu ilikuwa mchezo wa redio, kila Jumanne jioni, na aliyekuwa Mke kwenye mchezo alikuwa mke wa dobi. Alipeleka mashati kituoni siku moja, akabishana na mlinzi getini, Mkurugenzi akamsikia kutoka dirishani akasema sauti hiyo naitaka. Akaitaka sauti, kazi ya sauti asiipe. Kwenye karatasi alizopewa, Mume anahutubia ukurasa mzima, chini yake imeandikwa MKE: (analia). Mume anagombana na wazee, anaondoka, anarudi. MKE: (analia).

"Leo nimelia mara sita, mume wangu," alikuwa akisema jioni akimenya vitunguu. "Kitunguu kinanipa machozi bure, wao wananipa nauli."

Mpaka Jumanne moja akachoka. Mchezo ulikuwa unakwenda hewani moja kwa moja, Mume akamaliza hotuba yake, na pale pa kulia yeye akasema. Alisema hadi muda wa kipindi ukaisha. Jumanne iliyofuata Mkurugenzi akamuua Mke kwa homa, tena nje ya jukwaa, habari ikaletwa na jirani. Baadaye mke wa dobi mwenyewe akaugua kweli, kituo kikasema kibarua hana matibabu, akafa. Binti alikuwa bado ananyonya.

"Nani kakwambia aliongea?" dobi akauliza.

"Mama wa mkaa. Alisikia kwa masikio yake. Anasema mama alianza hivi: 'Sasa nyamaza wewe, niseme mimi.'"

"Halafu?"

"Halafu wanawake wote wa uani wakapiga vigelegele. Wakakumbatiana, sufuria la mtu likapinduka. Walipotulia, ulikuwa unapigwa muziki wa mwisho." Binti akaikunja karatasi yake. "Mwalimu kanipa mpaka Jumatatu. Nikipeleka maneno yenyewe atanisahihishia upya. La sivyo anasema nimesingizia kitabu. Baba, mama alisema nini?"

Dobi akaipuliza pasi, majivu yakaruka. "Maneno yako kwenye kanda. Kanda iko kwa wakubwa. Kesho napeleka mashati."

Hakumwambia kwamba mtaani, miaka ile, walimpa jina: Mume wa Akiba. Kama tairi. "Mume wa Akiba, mwenyewe kasafiri?" vinyozi walimuuliza, wakapigiana viganja. Kwa sababu mume mwenyewe, wa redioni, alikuwa Mzee Radi, na Mzee Radi alikuwa na sauti ya kuamsha mgonjwa. "Mke wangu mpenzi," Radi alikuwa akisema, na kabla ya kulia kinatoka, kila dirisha la mtaa, kile kicheko cha marehemu, kidogo, cha puani. Hicho dobi alikijua. Kilikuwa kinamtoka mkewe kila dobi alipojipulizia majivu machoni. Alidhani ni cha nyumbani. Kumbe kinagawiwa, bure, kwa betri mbili.

Basi Jumanne jioni alikuwa akichukua ndoo kwenda bombani. Hata mitungi yote ikiwa imejaa, alikwenda. Bombani maji yalikuwa na kelele kuliko redio.

Ijumaa, Mkurugenzi alikuwa anakunywa chai na Mzee Radi, aliyenenepa akaota shingo ya pili. Ukutani palikuwa na picha ya Radi akipokea tuzo kwa waziri. Kando yake, jalada la kitabu lililokuzwa: Mume kainua mkono, na nyuma yake mwanamke kafunika uso kwa viganja. Dobi alivitazama vile viganja. Hata viganja havikuwa vya mkewe.

"Mashati, bosi."

"Tundika pale. Na kola ya juzi ilikuwa kama kadibodi. Unadhani mimi sanamu?"

"Samahani, bosi. Nina shida ndogo."

"Wewe hujawahi kuwa na kubwa. Sema."

Akasema. Mkurugenzi akaweka kikombe chini akacheka, si kwa ubaya, kama mtu aliyekumbushwa utoto.

"Kanda ile? Tulirekodia mpira. Ilikuwa fainali, kanda zimetuishia, na waliokuwa juu yangu walitaka mpira."

"Juu ya sauti yake?"

"Juu ya kanda, bwana. Kanda ni mali ya kituo."

"Na kitabuni, bosi? Mbona maneno yake hayamo?"

"Kitabu nimetunga mimi. Mimi niliandika analia. Yeye aliropoka. Nikichapa maropoko, watoto wa shule watajifunza nini?" Akainamia meza, akashusha sauti kama anayempa zawadi. "Na nikwambie, kuna profesa kakisifu mno. Kasema hakuna aliyewahi kuonyesha vizuri kama mimi jinsi mwanamke anavyonyamazishwa."

Radi akatikisa kichwa kwa huzuni ya kazi. "Alikuwa mwema sana, mke wangu yule."

"Mke wa nani?"

"Wa mchezoni, ndugu yangu, usinirukie! Lakini tumeishi, ati. Kipaza sauti kimoja, mashavu yanakaribia kugusana. Alikuwa ananukia mkaa."

Ule mkaa ulikuwa wa dobi. Ulitoka kwenye pasi yake, ukaingia kwenye khanga, ukaenda studio kila Jumanne kunuswa na huyu. Dobi angeweza kumpiga kwa henga ya shati. Akauliza badala yake, na kuuliza kukamuuma kuliko kupiga:

"Wewe ulisimama naye. Alisema nini?"

Radi akafumba macho, akayafumbua. "Alikuwa ananitazama usoni. Midomo inakwenda. Mimi nilikuwa natafuta kwenye karatasi nimefikia wapi. Nasubiri amalize niendelee." Akamgeukia dobi, kweli ameshangaa. "Lakini unaniuliza mimi? Mtaa mzima ulisikiliza. Mume wake wa ndoa ukose?"

Mkurugenzi naye akainua uso, akangoja.

Dobi akanyoosha shati ambalo lilikuwa limeshanyooka. "Redio yetu ilikuwa mbovu," akasema.

Jumapili alasiri walikuwa kwenye meza moja, yeye na pasi upande huu, binti na daftari upande ule. Dobi alikuwa anatukana. Alimtukana Mkurugenzi, profesa, waliotaka mpira, masikio ya Radi. Wakubwa wote wamoja, alisema, wanafuta watu kama chaki. Binti alimwacha amalize. Alikuwa ameandika mstari mmoja, kwa mwandiko wa kujitahidi: Sasa nyamaza wewe, niseme mimi. Chini yake karatasi ilikuwa nyeupe.

"Mama wa mkaa anasema alikuona jioni ile," akasema taratibu. "Ulipita na ndoo."

Pasi ikasimama juu ya mkono wa shati. Nguo ikaanza kunuka.

"Radi alikuwa anatafuta zamu yake. Bosi kafuta. Wanawake walipiga vigelegele." Binti akachovya ncha ya kalamu mdomoni, akaishusha kwenye mstari wa pili, akamtazama. "Nimebaki na wewe. Halafu akasema nini, baba?"