Mkalimani wa Mdogo Wangu

Kiwandani kwetu, kiwanda cha rangi za nyumba, mimi huitwa Mama Utepe. Jina hilo nimelifanyia kazi. Niko kitengo cha ustawi wa wafanyakazi, na kwa miaka tisa hakuna siku ya uhamasishaji iliyonipita: Siku ya Kunawa Mikono, Siku ya Moyo, ya Macho, ya Usonji, ya Wachangia Damu. Tepe nilizikata mwenyewe, za waridi, za buluu, za kijani, nikasimama getini asubuhi na kibweta cha pini nikiwabana watu vifuani, hata wale waliochelewa na hawataki kusimamishwa. Bwaloni nilishika kipaza sauti, nikahutubia. Meneja alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nami nilirudi nyumbani roho kwatu, nikijiona mtu anayejali.

Nyumbani naishi na mdogo wangu wa kiume. Mama alituachia nyumba, na sisi hatukuona sababu ya kuigawa. Mdogo wangu ni kiziwi tangu alipougua homa akiwa na miaka miwili, naye ni fundi cherehani. Hushonea chumba cha mbele, mlango wazi upande wa barabara, miguu peku juu ya pedeli ili ajue kwa nyayo kama mashine inakwenda sawa. Watu humletea suruali za kupunguza, mapazia, sare za shule.

Nilikuwa nawaambia watu, "Mimi na mdogo wangu tunaelewana kwa jicho tu." Kwa kweli tulikuwa na alama zetu za nyumbani, kama arobaini hivi. Kula. Lala. Ngoja. Mvua. Unaumwa? Mgeni yupo. Alipotoka shule ya viziwi akiwa kijana alirudi na lugha nzima mikononi, anaongea haraka, uso wake wote unacheza. Mama aliona aibu mbele ya wageni, akawa anamshusha mikono. Mimi nilimwambia nitajifunza. Nilimwambia hivyo kwa karatasi, nikapiga na mstari chini ya neno "nitajifunza". Ilikuwa miaka kumi na sita iliyopita.

Basi akaja dada wa mapokezi.

Alikuwa mpya kazini, msichana mwembamba, mcheshi, mwenye kuongea na kila mtu kana kwamba walilelewa nyumba moja. Jumamosi moja alifika kwetu na sketi ya kupunguza. Nilikuwa sebuleni nikikunja nguo. Nikasubiri anyooshe kidole kwenye pindo na kupaza sauti, kama wateja wote wanavyofanya. Sikusikia kitu. Kisha nikasikia mdogo wangu akicheka.

Nakijua kicheko chake. Ni kile cha puani, kifupi, cha kumridhisha mtu. Hiki kilikuwa kingine, kilitoka tumboni, kikubwa, hakina mpangilio. Nikasogeza pazia. Dada wa mapokezi alikuwa amekaa kwenye kigoda, sketi imeanguka chini, mikono yake inakwenda kama ya mtu anayepepeta, na mdogo wangu ameacha kazi, chaki sikioni, anajibu. Alipiga paja kwa kicheko. Hawakuniona.

Moyo ulinichoma, sidanganyi. Nilitoka na birika la chai ambalo hakuna aliyeliomba.

"Kumbe unajua mambo ya mikono," nikamwambia.

"Wazazi wangu wote wawili ni viziwi, dada. Hii ndiyo lugha niliyoanza nayo." Akageuka akamweleza mdogo wangu nilichosema, kwa adabu, asibaki nje ya mazungumzo. Hata hilo liliniuma. Mimi sikuwahi kumweleza wageni wangu wanasema nini.

"Mlikuwa mnacheka nini?"

"Mteja wake mmoja. Ananisimulia anavyovuta tumbo ndani akipimwa, halafu siku ya kuchukua suruali analalamika inabana."

Miaka yote ile nilikuwa namwona yule mteja akija na kutoka. Sikujua kwamba anachekesha.

Tangu siku hiyo wivu ulinikaa kama mwiba wa samaki kooni. Dada wa mapokezi alikuja tena Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Nilihesabu vicheko. Nilijiambia labda anamtaka, nikatamani iwe hivyo, maana mchumba wa mdogo wangu ningejua namna ya kumpokea. Lakini hakumtaka. Alikuwa ana mtu wake. Alikuja kuongea tu. Wiki ya nne aliniuliza kazini kama gauni lake limekwisha. Nikamkazia macho, nikasema, "Fundi ana kazi nyingi sana siku hizi. Ingekuwa vizuri upeleke kwingine." Gauni lilikuwa limening'inia kwenye msumari tangu juzi, limepigwa pasi.

Mwezi ule ule meneja akaniita. Siku ya Viziwi ilikuwa inakaribia, na makao makuu walitaka picha. "Si una mdogo wako? Mlete Ijumaa aseme maneno mawili matatu."

Dada wa mapokezi akapata habari. Alikuja mezani kwangu. "Dada, Ijumaa kama utahitaji mkalimani, mimi nipo."

"Nashukuru, nimeshajipanga. Mimi ni dada yake wa tumbo moja, nitashindwaje?" Kisha, kwa sauti ya kiofisi, nikaongeza, "Halafu lazima mtu abaki mapokezi. Simu haziwezi kujipokea zenyewe."

Akanitazama. "Sawa, dada," akasema.

Ijumaa bwalo lilijaa. Mdogo wangu alivaa shati jeupe aliloshona mwenyewe, kola imekaa barabara, na nilijivunia kutembea naye kati ya meza. Mstari wa mbele walikaa akina dada wawili wa kitengo cha kufungasha. Wote wawili ni viziwi. Walikuwa wameajiriwa kabla yangu. Kila mwaka niliwabana tepe na kuwainulia kidole gumba, wakaniinulia cha kwao, na huo ndio ulikuwa uhusiano wetu.

Nikamkaribisha. Akasimama, akavuta pumzi, akaanza.

Alianza polepole, labda kwa ajili yangu. Nikaona "nyumba". Nikaona kitu kama "kazi". Baada ya hapo mikono ikashika kasi yake ya kawaida, na mimi nikabaki na kipaza sauti mdomoni. Watu mia na zaidi wananitazama. Nikasema, "Anasema anawashukuru sana kwa kumwalika." Makofi. Mdogo wangu akaona makofi, akashangaa kidogo, akaendelea. "Anasema kiziwi akipewa nafasi anaweza kila kitu." Makofi tena. "Anasema anaushukuru uongozi wa kiwanda." Meneja akatabasamu, mpiga picha akapiga.

Akina dada wa kufungasha walitazamana. Mmoja alinitazama usoni kwa muda mrefu, kisha akainuka na kutoka. Niliendelea. Nilimsemea mambo ya umoja, ya mshikamano, maneno ninayoyatumia kila siku ya uhamasishaji, ya Macho yalikuwa hayo hayo, ya Moyo hayo hayo. Mlango ukafunguliwa. Yule dada alirudi akiwa amemshika mkono dada wa mapokezi.

Mdogo wangu akasimamisha mikono. Akamwona dada wa mapokezi, akaniona mimi, na nadhani hapo ndipo alipoelewa yale makofi yalikuwa ya nini. Akanifanyia alama yetu ya nyumbani, kiganja wazi: ngoja. Kisha akamgeukia yule msichana akamwambia jambo.

Yeye akanisogelea, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, anaomba nimsaidie. Lakini ukikubali."

Ningekataaje mbele ya kiwanda kizima? Nikampa kipaza sauti. Sikupata pa kukaa, nikasimama kando ya majagi ya maji.

"Naomba nianze upya," alisema, na mikono ya mdogo wangu ilikuwa imetangulia nusu sekunde. "Nimeona mnapiga makofi mahali ambapo hapana makofi." Watu wakacheka, na mdogo wangu akafurahi kuona wanacheka mahali panapostahili. Akasimulia kazi yake. Akasimulia wateja wanaomvuta nguo kama mbuzi wa kuuzwa, na wale wanaoandika karatasi nzima kumuuliza kitu ambacho wangeonyesha kwa kidole. Akina dada wa kufungasha walicheka mpaka wakafutana machozi. Kisha uso wake ukatulia.

"Naishi na dada yangu. Ananipikia. Aliwahi kumfukuza mtu barabarani kwa ufagio kwa sababu yangu. Nampenda sana. Lakini tangu tukiwa watoto hajawahi kuniuliza swali ambalo jibu lake si ndiyo au hapana. Najua anachopenda kula. Sijui anawaza nini, naye hajui mimi nawaza nini. Wengi wenu mna mtu kama mimi nyumbani, au hapo kwenye meza ya jirani. Muulizeni kitu kirefu."

"Nampenda sana." Mdogo wangu hakuwahi kuniambia hivyo. Aliponiambia, nilimsikia kwa sauti ya mwanamke mwingine. Niliona aibu, na ndani ya aibu ile ile bado nilimwonea wivu yule msichana.

Jumatatu nilikwenda mapokezi kabla watu hawajajaa. Sikuzunguka. "Nilikuonea wivu. Na kuhusu gauni nilikudanganya, lilikuwa tayari."

"Najua. Nililichukua jioni ile ile, ulipokwenda sokoni." Akacheka, nami nikacheka kwa shida. Nikamwomba anifundishe. Akatikisa kichwa. "Wale wa kufungasha ndio wenye lugha yao. Saa ya chakula kaa nao. Lakini uwe mvumilivu, watakucheka."

Walinicheka kweli. Siku ya kwanza nilitaka kusema nina njaa, sijui nilisema nini, chakula kikawapalia. Nilijifunza majina yao niliyokuwa nayajua kwenye orodha tu. Tepe bado nazikata, ila kwanza nawauliza wale ambao siku ni yao, na mara mbili akina dada wa kufungasha wamenijibu kwamba hawataki utepe, wanataka taa ya kuwaashiria moto ukitokea kule ghalani. Taa imefungwa moja. Ya pili naifuatilia.

Ilichukua miezi kumi kabla sijathubutu kumuuliza mdogo wangu kitu kirefu. Ilikuwa Jumapili asubuhi, anatia mafuta mashine. Nilimuuliza ile asubuhi mama alipofariki ilikuwaje. Mimi nilikuwa kazini, yeye alikuwa naye peke yake, na hakuna mtu aliyemuuliza lolote, si ndugu, si daktari, si mimi.

Akafuta mikono kwa kitambaa. Alisimulia muda mrefu. Nilimsimamisha mara nyingi, polepole, rudia, nikapata labda nusu. Mama alitaka dirisha lifunguliwe. Alitaka achanwe nywele. Kisha wakaongea.

Mliongeaje? nikauliza.

Akanitazama kana kwamba nilipaswa kujua. Mama alikuwa anajifunza, akasema. Mwaka mzima, mimi nikienda kazini. Mikono yake ilikuwa migumu, lakini alikuwa anajua mengi. Alikuwa ananionea haya mimi binti yake, ndiyo maana hakufanya mbele yangu.

Nilikaa kwenye kigoda cha wateja. Hata mama. Nilitaka kumwambia nilichokihisi, nikakosa neno. Nikaliandika kwa chaki juu ya meza yake ya kukatia: wivu. Nikamuuliza linasemwaje.

Akalisoma, akanitazama usoni, akanionyesha. Nikalirudia. Akakishika kidole changu kimoja, akakikunja kidogo, akanionyesha tena. Nikalirudia.