Daktari Niendelee

Jina hilo alipachikwa na wauguzi, na wala hawakumwonea. Kila akishika kisu, macho yake kwenye skrini: "Niendelee, Profesa?" Naye Profesa, aliyeketi kilomita mia sita kutoka pale, anamjibu aendelee. Tangu waletewe mtandao wa kasi, mzee akawa anaona hata jasho la puani mwa daktari, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwaka mzima binti wa watu hajakata hata uzi bila kuomba kibali.

Siku hiyo ilikuwa ya mtihani. Atoe kidole tumbo cha fundi mwashi mmoja, mwanzo mpaka mwisho, bila kusaidiwa hata neno. Akifeli, anarudi kuandikia watu dawa za kikohozi, na wagonjwa wa kupasuliwa wataendelea kusafirishwa kutwa nzima barabarani, wengine wasifike.

Tumbo alilifungua vizuri. Alipokifikia chenyewe, mkono ukagoma. Akainua macho. "Niende..."

Profesa akafungua mdomo. Akijibu tu, mtihani umekwisha.

"Mtandao umekatika," alisema Mama Mkasi, muuguzi mkuu wa chumba kile, bila hata kugeuka.

Na kweli, kwenye skrini Profesa alikuwa ameganda, mdomo wazi, kidole juu.

Lo, hasira za mwaka mzima zikampanda daktari. Mtandao wa kasi gani huu, alisema, si afadhali wangemtuma kobe. Na huyu mzee naye, kila siku maneno hayamwishi, leo siku ya shida ameachama kama anangoja kulishwa. Mdomo unasema, mikono inafanya kazi: ikafunga, ikakata, ikatoa, ikasafisha. Alimsema Profesa mpaka akaufikia upara wake, na mshono wa mwisho akaushona bila kumwuliza mtu.

Ndipo kwenye skrini akaiona saa ya ukutani, nyuma ya Profesa. Mshale wa sekunde ulikuwa unakwenda.

Akatamani ardhi ipasuke immeze. Profesa akafunga mdomo polepole, akajikanda taya.

"Upara nimerithi kwa baba," alisema. "Umefaulu. Na wewe Mama Mkasi, siku nyingine ukitaka kukata mtandao, ningoje kwanza nifunge mdomo."