Mbio za Daftarini

Uliona. Usiniambie hukuona. Ulipita pale shuleni uwanja ukizungushiwa uzio, ukainamia simu yako. Mwalimu mkuu alisema ni kwa muda tu, magari ya walimu yakipata pa kukaa watoto watarudishiwa. Huu ni mwaka wa tisa. Golini kuna kibanda cha soda na chipsi.

Binti wa fundi cherehani ana miaka kumi na minne. Wenzake wanamwita Kontena. Jumatatu ya wiki iliyopita, asubuhi, zipu ya sketi ya shule iligoma. Mama yake, anayeshonea sare nusu ya shule, akaigeuza na kukuta mshono umeshaachiwa mara tatu ili kuipanua. Kitambaa cha kuongeza hakipo. Mtoto akaikunja sketi vizuri, akasema harudi shuleni kukaa kutwa akitazamwa. Labda pawe na pa kukimbia. Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu.

Fundi akaenda shuleni na cheti cha zahanati: sukari imeanza kupanda. Mwalimu mkuu alikisoma, akashauri mtoto apunguze kula. Fundi hakubisha. Alikiri kwamba kazi zikimzidi humwachia binti hela ya chipsi, na kwamba nyumbani kwake soda imechukua nafasi ya maji. Hilo atalirekebisha mwenyewe. Akauliza tu mtoto akacheze wapi.

"Somo la michezo lipo, mama," mwalimu akasema, akifunua daftari la matokeo. "Tena binti yako ni wa kwanza. Tisini na mbili."

"Alikimbia?"

"Aliandika."

Alikuwa ameeleza hatua zote za kuruka juu, kwa mwandiko mzuri, akiwa amekaa.

"Basi mwanariadha wenu bora," fundi akasema, "hupumzika mara mbili kwenye ngazi za darasani."

Mwalimu akajitetea kwamba uwanja ni wa wazazi. Wakitia saini mia moja, ataufungua kesho yake. Fundi akafunga cherehani, akaanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Wengine walimwambia unene ni neema, anatafuta nini. Wengine walisema watafikiria. Hadi jana alikuwa na saini arobaini na moja. Ijumaa binti atatimiza wiki mbili nje ya darasa, na jina lake litafutwa kwenye orodha ya shule.

Leo ni Jumatano. Kibanda cha fundi kiko wazi, karatasi ya saini iko juu ya meza ya kukatia vitambaa. Vaa viatu, nenda ukatie saini, na jirani yako umburute.