Ubeti wa Kilimani

Ko, ko, ko! Fimbo ilisikika mwambani kabla mwenye fimbo hajaonekana. Kisha akatokea mzee Masolwa, akichechemea, na vijana wa parokia wakamfuata kilimani awaonyeshe chemchemi.

Mzee alipowaelekeza njia, Dionis, mmoja wa vijana hao, alisikia Kiswahili chake cha pwani. "Mzaramo huyu! Mtani wangu!" Mnyamwezi kama yeye hamwachi mtani wa jadi apite bila kumfanyia mzaha, na Dionis alijiona fundi wa mashairi. Njia nzima akaimba:

"Mguu huu wapanda, ule waomba kubebwa!"

Wenzake wakaitikia, mbavu hawana. Mzee akazidi kupanda. Dionis akadhani amemshinda.

Kileleni, kando ya chemchemi, palikuwa na rundo la mawe. Wapagazi wa zamani waliweka jiwe kwa kila mwenzao aliyefia njiani. Masolwa akaongeza moja alilopanda nalo, kama afanyavyo kila apandapo.

"Mtani, unajenga nyumba uoe?" Dionis akadakia.

"Ni la mdogo wangu, Shilinde. Tulibeba mizigo ya vita hadi pwani. Yeye alibaki huko, mimi nikarudi na mguu huu na Kiswahili cha huko. Na mimi si mtani wako, kijana. Nimezaliwa Kanyenye, Mnyamwezi kama baba yako."

Kicheko kilikatika. Dionis alitamani kuumeza ule ubeti, lakini wenzake walikwisha kuushika. Jioni ungeimbwa mtaani kwao, Gongoni nzima. Akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

Mzee alitazama maji.

"Nitapita mlango kwa mlango kuwaomba wasiuimbe," Dionis alisema. "Na jiwe la Shilinde, siku mguu wako utakapokataa, nitalipandisha mimi."