Msafiri wa Chumbani

Alhamisi ile Papa Marcellin alikuwa safarini kikazi, Shabunda. Ndivyo Rosalie, mkewe, alivyowaambia watu wa shirika walipokuwa wakijikung'uta mvua mlangoni, na ndivyo alivyoagizwa aseme. Kumbe bwana mkubwa mwenyewe alikuwa chumbani, nyuma ya pazia la sebule, amekaa kitandani na soksi miguuni, amebana pumzi kama mwizi wa kuku.

Mvua ndiyo iliyomponza. Pale mtaani Muhungu, majirani Wakatoliki husali pamoja kila wiki, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile; hilo ndilo shirika. Zamu ilipofika kwake, Marcellin alikuwa na desturi ya kutoroka mapema akanywe bia yake mtaa wa Nyawera mpaka nyimbo ziishe. Safari hii mvua ilishuka kabla hajavaa viatu, na wenzake, badala ya kuchelewa kama kawaida yao, wakaja mbio wakikwepa kulowa. Angefanya nini? Akajitupa chumbani.

Na usidhani ni mpagani, hata kidogo. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa shirika lile lile! Yeye ndiye alikuwa anaanzisha nyimbo, yeye ndiye alikuwa anawagongea walegevu milango siku ya Jumapili. Kisha akapata kazi katika ONG ya misaada, gari lenye bendera, misioni za kila mara, yaani safari za kikazi. Siku moja wenzake wa ofisini waliwacheka watu wa kufunga na kusali, naye akacheka, tena akacheka kuwashinda. Jumapili iliyofuata aliona haya kwenda misa. Ile nyingine aliona haya kwa kuwa hakwenda ile ya kwanza. Haya ikazaa haya, miaka ikapita. Hakugombana na Mungu hata siku moja; alimkwepa tu, kama unavyomkwepa mtu ambaye hukwenda kumzika babake.

Sebuleni waliimba. Cyprien, kiongozi wa sasa, alianzisha wimbo juu mno, wamama wakaufukuzia huko huko wakikwaruza koo. Marcellin alikunja uso. "Shusha, shusha," alinong'ona, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja.

Ukafika wakati wa maombi. "Tumuombee na Papa Marcellin," Cyprien alisema. "Na hii mvua, barabara ya Shabunda itakuwa mubaya sana."

"Bwana utusikie!" wakaitikia wote.

Marcellin alisikia masikio yakimwaka. Watu wazima na akili zao wanamsumbua Mungu amlinde na matope ambayo hayajamgusa hata kidole.

Ingeishia hapo, ingekuwa aibu ya kuchekesha tu. Lakini Maman Domitille akaomba neno. Huyu ni mjane anayeuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, sokoni Kadutu, na sauti yake hakuna anayeikosea.

"Mimi niko na shukrani," alisema. "Munajua mutoto wangu alifia mu shimo ya zahabu kule Shabunda. Bakamuzika kule kule, sijaona kaburi yake. Nilikuwa silali. Nilikuwa nawaza, mutoto wangu hana mutu wa kumuombea. Njo maana nikatuma Papa Marcellin, akafika pa kaburi, akamuombea. Tangu siku ile nalala usingizi. Nilikuwa natafuta njia ya kwenda mwenyewe, na hii miguu yangu ya bule. Sasa nimeacha, juu najua mutu wa Mungu alifika. Mungu Nyamuzinda amubariki, amurudishe salama."

Mtu wa Mungu! Marcellin alitamani kitanda kimmeze, na shuka zake.

Ni kweli, mwaka uliopita Rosalie alimpa ule ujumbe, na jina la marehemu, na jina la machimbo. "Oui, oui," alikubali, akitafuta chaja ya simu. Alipofika Shabunda, machimbo yenyewe hayakuwa mbali. Alikaa na wenzake wakinywa, akasema kesho, na kesho ikawa siku ya kurudi. Rosalie alipomuuliza, mpira ulikuwa unaendelea kwenye televisheni. "Nilifika," alisema, bila hata kugeuza kichwa. Na Rosalie wa watu, asiye na shaka yoyote, akaupeleka uongo ule kwa Maman Domitille ukiwa bado moto.

Sasa afanye nini? Shetani ni wakili hodari, hakosi hoja. Nyamaza, alimwambia, mama analala vizuri, kwa nini umnyang'anye usingizi? Hiyo ndiyo huruma? Na mkeo je, utamuumbua mbele ya wageni? Marcellin alikaribia kukubali. Lakini yule kijana alikuwa bado hajaombewa na mtu, na mama yake ameacha kutafuta njia kwa sababu ya maneno ya mtu aliyekuwa anatazama mpira. Tena Mungu, aliyeombwa sasa hivi amrudishe kutoka Shabunda, alijua vizuri sana amekaa wapi. Hilo ndilo lililomvunja. Machozi yakamtoka, na kamasi, bila heshima yoyote.

Akafunua pazia.

"Yesu wangu!" Cyprien aliruka, kama aliyeona mzimu. Rosalie akajifunika uso kwa kikwembe.

"Rosalie hana kosa," Marcellin alisema. "Ni mimi nilimutuma aseme vile. Siko Shabunda. Nilikuwa mu chumba." Akapiga magoti mbele ya Maman Domitille. "Na ile siku nilikuwa Shabunda kweli, mama, sikufika pa kaburi. Nilikuwa nakunywa. Nilikudanganya."

Maman Domitille alimtazama, kisha akajipiga mapaja.

"Kumbe nilikuwa nalala bule!" alisema. "Mutoto wangu iko peke yake kule, na mimi niko nalala!"

Akalia kilio cha msiba wa jana. Wamama wakamshika mabega. Marcellin alibaki magotini, haya imemvaa toka utosini, na hakuna aliyemwambia ainuke. Cyprien, maskini, akajaribu kuokoa mambo kwa wimbo.

"Acha wimbo yako!" Maman Domitille alimkata. Akafuta macho, akamgeukia Marcellin. "Na weye, muombee sasa. Hapa. Nisikie na masikio yangu."

Marcellin alifumba macho. Maneno aliyokuwa anayamwaga zamani kama maji ya bomba yalikataa kutoka.

"Bwana," alianza. "Ni mimi, Marcellin. Siko Shabunda, niko hapa. Nimekukimbia siku mingi, na haya imenifunga. Unisamehe. Leo nakuomba kwa ajili ya mutoto wa mama huyu, Bwana, mutumishi wako..."

Hapo akakwama. Alitafuta kichwani, akatafuta tena. Aliambiwa jina, na hakulisikia. Aibu zote za mchana ule zilikuwa mchezo mbele ya hii. Akafumbua macho.

"Mama," aliuliza, "anaitwa nani?"

Rosalie akafungua mdomo amsaidie mumewe. Maman Domitille akamzuia kwa mkono.

"Mugisho," alisema. "Mutoto wangu anaitwa Mugisho. Sema."

"Mugisho."

"Sema na nguvu!"

"Mugisho!" Akaomba, vibaya, akirukaruka maneno, akilia mbele ya majirani aliowaongoza zamani, mpaka akamaliza. Watu wakaitikia amina. Maman Domitille hakuitikia. Aliinuka, akafunga kikwembe chake vizuri kiunoni.

"Kesho utakuya kwangu," alimwambia. "Utamuombea tena. Na kesho kutwa. Mupaka nipate usingizi."

"Nitakuya, mama," Marcellin alisema, bado yuko magotini.