Uovu Unatolewa Saa Nne

Wakubwa wakikosa kazi hutafuta sherehe. Hospitali ile haikuwa na glavu, haikuwa na uzi wa kushonea vidonda, na choo cha wodi ya wanaume kilikuwa kimeziba mpaka wagonjwa wakadhani ndivyo kilivyojengwa. Lakini mkurugenzi aliamka asubuhi moja akaona kinachokosekana pale ni wema. Akaita wakuu wa idara, akawaambia kutakuwa na siku ya kuutoa uovu. Mgeni wa wizarani angekuja kushuhudia, na kuanzia siku hiyo hospitali ingekuwa mahali pasipo na uovu, watu waje kujifunza.

Utaratibu waliupanga wao wenyewe, na vichwa vyao hivyo vilivyosoma. Mtu mmoja angevishwa matambara na kupewa gunia, awe ndiye Uovu. Kila mfanyakazi angechana kitambaa kwenye shuka lililochakaa, angemwendea yule mtu, angemnong'oneza ubaya mmoja alioutenda, kisha angetia kitambaa guniani. Wakishamaliza, Uovu angefukuzwa ukumbini, mlango ungefungwa, na gunia lingekwenda kuteketezwa kwenye tanuri la taka. Basi. Uovu kwisha, watu wakanywe soda.

Kasheshe ikawa nani atiwe siri za watu masikioni. Ndipo walipomkumbuka mzee wa boila. Maisha yake yote alikuwa akilichochea boila la maji ya kufulia, na makelele yake yalikuwa yamemla masikio. Ukimwuliza habari za leo anakujibu za juzi. Katibu wa hospitali alisema kumwambia huyu siri ni sawa na kuliambia kabati, wakacheka mpaka wakapaliwa. Hakuna aliyejisumbua kuuliza. Sikio lililokufa lilikuwa la kulia. La kushoto lilikuwa zima kabisa, ila mwenyewe aliona tangu zamani kwamba katika jengo lile hakuna la maana la kusikiliza.

Alikubali bila kubembelezwa. Wakashangaa, kisha wakajisifu kwamba kumbe hata mbumbumbu anaelewa maendeleo.

Shemeji yake hakushangaa. Alikuwa mdogo wa marehemu mkewe, mpiga pasi wa chumba cha jirani na boila, na alijua mzee anatafuta nini. Jioni aliyozidiwa mkewe, mzee alikimbia kutoka nyumba za wafanyakazi kule bondeni hadi getini, akaomba gari la wagonjwa. Akaambiwa limetoka kikazi. Akachukua toroli la mashuka, akashuka nalo, akamlaza mkewe humo na kumsukuma kupanda mlima, magurudumu yakiyumba kama mlevi. Roho ilimtoka mama wa watu kwenye tuta la barabarani, geti likionekana. Kesho yake gari lilirudi na utepe wa maua umesahauliwa kwenye kioo cha pembeni. Mkurugenzi alikuwa ameoza binti yake jana yake, jioni ile ile. Dereva kimya, mlinzi kimya, na mkurugenzi akaja msibani na miwani ya jua akasema kazi ya Mungu haina makosa. Tangu hapo mzee alitaka kitu kimoja tu: yule bwana aseme, kwa kinywa chake, gari lilikuwa wapi.

Shemeji alimsihi aachane nao. Alimwambia wenye nchi hawashindwi, atafukuzwa kazi uzeeni. Mwishowe akaweka pasi chini.

"Shemeji, hata kama wanaigiza, si heri? Dunia isiyo na uovu nani haitaki?"

"Mimi siitaki," mzee alisema. "Uovu ukishatoka mle, dada yako atakuwa alikufa na nini? Atakuwa alikufa tu, kama kuku wa kideri. Hawa hawataki uovu uishe, mama. Wanataka uishe kabla hawajaulizwa."

Siku ikafika, saa nne asubuhi kama ratiba ilivyosema. Ukumbi ulipakwa chokaa upande mmoja tu, ule ambao mgeni angeutazama. Mzee alisimamishwa mbele na matambara yake, watu wakapanga foleni, na kwa kuwa meza ya mgeni iliziba upande wa kulia, wote wakamjia kwa kushoto.

Akayasikia. Fundi bomba huziba choo mwenyewe ili aitwe kukizibua. Mpishi huchota uji mzito akapeleka kwake, wagonjwa wakabakiwa na maji yaliyopita karibu na unga. Daktari husema ameitazama picha ya mfupa na wala hajaitoa kwenye bahasha. Katibu huiba sabuni za wazazi, zile ndogo. Dhambi za panya! Watu wazima wamevaa tai kuja kutubia makombo, na kila mmoja alirudi kitini anang'aa kana kwamba amezaliwa upya.

Shemeji peke yake ndiye aliyejua sikio lipi ni zima. Ilipofika zamu yake alijipenyeza nyuma ya meza, akanong'ona kwenye lile la kulia, kwa muda mrefu, na machozi yakamdondokea mzee begani. Mzee hakusikia hata neno. Wala hakugeuka kumwomba arudie.

Wa mwisho alikuwa mkurugenzi. Alikuja kwa madaha, akainama, akachezesha midomo. Hakutoa sauti. Hata uongo hakuona sababu ya kuupotezea pumzi. Akatia kitambaa chake, cha shuka jipya, akageuka kuwapungia watu. Katibu akafungua mlango, wakaanza kupiga makofi ya kumfukuza Uovu.

Uovu haukutoka.

"Sijasikia, mkubwa," mzee alisema.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Atasikiaje, maskini.

"Fundi bomba nimemsikia. Katibu nimemsikia, yeye na visabuni vyake. Wewe umetafuna hewa."

Kicheko kilikatika kama maji ya mgao. Fundi bomba akatazama dari. Katibu, mkono ukiwa bado kwenye kitasa, alikuwa mweupe kuliko ule ukuta. Mgeni wa wizarani, ambaye alidhani ndio mchezo wenyewe, akatabasamu na kumwambia mkurugenzi aendelee, inavutia.

Mkurugenzi akarudi, meno nje kwa ajili ya mgeni. Alijua mzee anataka nini, akaona heri yaishe upesi; akainama kwenye sikio la kushoto.

"Gari nililichukua mimi," alinong'ona. "Lilikwenda kubeba viti vya harusi. Umeridhika? Toka."

Viti. Siku zote mzee alidhani walau lilimbeba bibi harusi; alikuwa amekwisha kujenga chuki yake juu ya shela na maua. Kumbe mkewe alisukumwa kwenye toroli ili viti vya plastiki vipande gari la wagonjwa.

Alimgeukia mgeni, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na boila, "Anasema gari la wagonjwa lilikwenda kubeba viti vya harusi ya binti yake, siku niliyoliomba, mke wangu akafa barabarani. Nimesema sawasawa, mkubwa?"

Mkurugenzi akarudi kuketi kwenye kiti chake safu ya mbele. Mgeni, ambaye posho yake ilikuwa ya kushuhudia mema tu, alitazama karatasi ya ratiba kama itamwambia la kufanya.

Mzee akaingiza mkono guniani, akachomoa kile kitambaa cha shuka jipya, na gunia lililobaki akamrushia katibu mlangoni. "Hayo ya sabuni na uji kachomeni. Huu hautoki."

Kisha akavuta kiti, akaketi safu ya mbele na matambara yake, ubavuni mwa mkurugenzi, kitambaa gotini.

Katibu alikohoa. Ratiba ni ratiba. Akatoka na gunia, akarudi mikono mitupu, akafunga mlango na kutangaza kwamba uovu sasa umetoka, tumkaribishe mgeni rasmi. Watu wakapiga makofi. Mgeni akasimama, akatoa hotuba yake nzima, neno kwa neno, kuhusu dunia mpya, na wakati wote huo mkurugenzi alikaa ameinamia viatu vyake, bega kwa bega na mzee wa boila, na hakuthubutu kusogeza kiti.